Majibu ya pili ya saratani ya matiti yasitolewe dirishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja ambalo nimelibeba kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa. Sisi wanawake tunaofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti huandaliwa kwa ajili ya kisu, nusukaputi, kidonda na gharama, lakini hatuandaliwi kwa ajili ya karatasi inayokuja wiki kadhaa baadaye, yaani majibu ya maabara ya kile kilichotolewa mwilini. Karatasi hiyo inaweza kusema mambo tofauti kabisa na tuliyoambiwa kabla ya upasuaji. Wapo wanaoipokea wakiwa peke yao, dirishani, kwa lugha wasiyoielewa, na wapo ambao wakishaipokea hawaonekani tena kliniki. Mimi nilikaribia kuwa mmoja wao.

Ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 56. Nilichokiona mwanzoni hakikuwa uvimbe wa kushikika kama tunavyoelezwa kila Oktoba, bali sehemu ya titi la kushoto iliyokuwa nzito kuliko nyingine. Nilipigwa ultrasaundi, ikaonekana sehemu ya milimita 18, na kwapani hakukuonekana kitu. Nikachomwa sindano, kinyama kikapelekwa maabara, majibu yakarudi kwamba ni saratani. Daktari alinieleza kwa upole kwamba inaonekana ni hatua ya kwanza, kwamba itatolewa sehemu ile tu pamoja na tezi za kwapani, kisha nitapigwa mionzi na kumeza vidonge. Akasema: "Mwalimu, tumeiwahi." Neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Niliwapigia simu watoto, nikawapigia ndugu zangu wa Kilosa na wa Dodoma, kila mmoja nikamwambia tumeiwahi.

Siku ya 24 baada ya upasuaji nilipigiwa simu kwamba majibu ya kinyama yametoka, niyafuate. Karani aliniuliza namba ya faili, akapekua rundo, akanipa bahasha ya kaki iliyobanwa kwa pini mbili, nikasaini daftari. Nilipouliza nitamwona nani, akanijibu kwamba kliniki ya daktari wangu ni wiki ijayo. Simlaumu yule kijana, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni na yeye kazi yake ilikuwa kugawa bahasha. Nikaenda kukaa kwenye benchi la korido, nikatoa pini kwa ukucha, nikafungua.

Zilikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Ninafundisha Kiingereza darasa la tano, lakini kile hakikuwa Kiingereza cha darasani. Nilichokielewa ni namba. Milimita 18 zilikuwa zimekuwa 46. Kwenye mstari wa tezi za kwapani kulikuwa na 5/13, na mimi ninayesahihisha madaftari kila siku nilielewa maana yake ni tano kati ya kumi na tatu. Chini yake pameandikwa kwamba saratani imegusa wino, na neno hilo wino nililisoma mara nne nikidhani ni kosa la mchapaji. Kidonda kilikuwa bado kibichi, na chupa ya dreni, ile ya kukusanya majimaji ya kidonda, ilikuwa imeondolewa wiki moja tu kabla. Nilikunja karatasi, nikairudisha ndani ya bahasha, nikapanda basi la kurudi nyumbani bila kumwambia mtu.

Watu wengi hudhani habari ngumu kuliko zote ni ile ya kwanza, ya kuambiwa una saratani. Kwangu haikuwa hivyo. Moyo niliokuwa nao niliutumia wote kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili ikanikuta sina akiba. Tena ya kwanza niliipokea nikiwa na daktari mbele yangu na mume wangu pembeni, nikaambiwa ubaya wake na dawa yake kwa mkupuo mmoja. Ya pili ilikuja na ubaya peke yake.

Nyumbani maneno yakaanza, na yote yalitoka kwa watu wanaonipenda. Wifi yangu aliniuliza, "Wifi, si walisema wameiwahi? Sasa hii nyingine imeota lini?" Shemeji akasema bila shaka vinyama vimebadilishwa maabara, haya ni majibu ya mtu mwingine. Jirani akasema kile ambacho wengi wetu tumekisikia tangu utotoni, kwamba saratani haiguswi na kisu, ukiigusa unaichokoza, na kwamba kama nisingekubali kukatwa ingekuwa bado milimita 18. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza, kwa sababu karatasi ilionekana kulithibitisha: kabla ya kisu ilikuwa ndogo, baada ya kisu ikawa kubwa. Kwa siku 19 sikwenda kliniki wala sikupokea simu ya hospitali. Nilikunywa dawa ya mizizi niliyoletewa kutoka Turiani. Niliombewa pia, na ninaendelea kuomba hadi leo, kwa hiyo hapa sisemi neno lolote dhidi ya maombi. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimekata shauri kutorudi, na sababu yake haikuwa ukosefu wa imani wala wa nauli. Ilikuwa ni karatasi ambayo hakuna mtu aliyenielezea.

Aliyenirudisha ni sista mmoja wa kliniki ambaye alipoona sipokei simu alimtafuta mume wangu. Hakugomba. Alisema tu, "Baba, mwambie mama aje na ile bahasha, daktari anataka waisome pamoja." Tulikwenda. Daktari aliniomba radhi kwa jinsi nilivyoyapata majibu yale, kisha akageuza karatasi, akaanza kuchora upande wa nyuma.

Alichonieleza nataka kukieleza hapa, kwa sababu ninaamini kingewasaidia wengi kabla hawajafika kwenye benchi lile. Sindano huchukua vijinyama vyembamba kama njiti za kiberiti kutoka sehemu moja au mbili. Kazi yake kuu ni kujibu swali moja, je, hii ni saratani au siyo, na kwa swali hilo huaminika sana. Lakini haiwezi kusema saratani imeenea kiasi gani, kama vile mpishi anayechota kijiko kimoja juu ya sufuria anavyojua chumvi ya wali bila kujua hali ya ukoko. Picha nazo hukadiria. Ni baada ya upasuaji tu ndipo daktari wa patholojia anapopata nyama yote mezani, akaipima kwa rula, akaikata vipande na kuvitazama kwa hadubini, akazitafuta tezi za kwapani moja moja. Majibu ya kwanza hayakuwa ya uongo na ya pili hayakuwa ya mtu mwingine. Yalikuwa majibu ya maswali mawili tofauti, na mimi sikuwa nimeambiwa kwamba kuna swali la pili.

Akanieleza pia kwa nini kwangu tofauti ilikuwa kubwa namna ile. Saratani nyingi za matiti huanzia kwenye mirija ya maziwa na hufanya donge. Yangu ilikuwa ya aina nyingine, inayoanzia kwenye vifuko vinavyotengeneza maziwa, ambayo chembe zake hazishikamani bali hupita katikati ya nyama nzima kwa mstari mmoja mmoja. Alichora vidoti vilivyofuatana, nikamwambia ni kama siafu, akasema hasa, kama siafu. Siafu walio katika mstari hawafanyi kichuguu, kwa hiyo mkono hauoni donge, na mamografia na ultrasaundi mara nyingi huonyesha sehemu tu ya msafara. Milimita 28 zilizoongezeka zilikuwepo siku ile ile nilipopigwa picha. Kisu hakikuzileta, ndicho kilichozifichua. Nilimwomba alirudie jambo hilo mbele ya mume wangu, naye akalirudia.

Wino nao una maana yake. Kabla ya kukata ile nyama, watu wa maabara huipaka wino pande zote za nje, ili wakitazama kwa hadubini wajue ukingo uko wapi. Saratani ikionekana kugusa wino, maana yake huenda mkato ulipita juu ya saratani na kuna iliyobaki titini, hivyo inabidi kukata tena. Ni jambo linalotokea katika hospitali nzuri za dunia nzima, na si lazima liwe uzembe wa aliyekata, kwa sababu ukingo huo hauonekani kwa macho matupu. Nilirudi chumba cha upasuaji, titi likaondolewa lote. Nililia, lakini nilikuwa ninajua ninaliacha kwa sababu gani.

Na kulikuwa na mistari ambayo pale kwenye benchi sikuiona kabisa. Ukurasa wa pili ulisema kwamba saratani yangu ina vipokezi vya homoni kwa wingi, yaani inategemea estrojeni, na kwa hiyo vidonge kama tamoksifeni, vinavyomezwa kwa miaka mitano hadi kumi, vinaweza kuizuia isirudi. Kuhusu tezi tano, daktari alinifafanulia tofauti ambayo sikuwahi kuisikia: saratani iliyofika kwapani si sawa na iliyofika kwenye mapafu, ini au mifupa. Ya kwapani huongeza hatua na huongeza dawa, nami nilitoka hatua ya kwanza nikawekwa ya tatu, nikaongezewa tibakemikali, zile tunazoziita dripu, nane kwa jumla, moja kila baada ya siku 21. Lakini bado hutibiwa kwa nia ya kuponya. Hayo yote yalikuwa ndani ya bahasha ile ile. Mtu aliyeogopa akipewa kurasa mbili asizozielewa, atakachokiona ni mstari wa kutisha tu.

Tangu wakati huo nimekutana na wanawake wengi, kwenye dripu na baadaye kwenye mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ambao majibu yao yaligeuka kwa namna nyingine. Mmoja aliambiwa na sindano kwamba saratani yake haijatoka nje ya mirija ya maziwa, na upasuaji ukaonyesha imekwisha kutoka. Jambo hili huwapata takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne walioanza na majibu kama yake. Mwingine kipimo chake cha HER2, protini inayoweza kuifanya saratani ikue haraka, kilirudi na alama 2, ambayo si ndiyo wala siyo, maana 0 na 1 huhesabiwa kuwa hakuna, 3 kuwa ipo, na 2 hudai kipimo kingine cha vinasaba kabla ya kujua kama mgonjwa anahitaji trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2. Alikaa mwezi mzima akiamini kwamba madaktari wamemficha. Yupo pia aliyepewa dripu kabla ya upasuaji, majibu ya titi yakaja kwamba hakuna chembe ya saratani iliyoonekana, naye akalia kwamba amekatwa bure, wakati hiyo ni miongoni mwa habari njema kuliko zote ambazo mgonjwa wa saratani anaweza kuzipata.

Suala la kubadilishwa kwa vinyama sitalipuuza, kwa sababu shemeji yangu hakuwa mpumbavu kuliuliza. Siku ya upasuaji wangu mume wangu ndiye aliyekabidhiwa kindoo chenye mfuniko, akaambiwa akipeleke maabara mwenyewe, bila maelezo zaidi ya jina la jengo. Alifika akakuta mapokezi wamekwenda kula, akasubiri. Leo ninajua kwamba nyama ile inapaswa kuingia kwenye formalini, dawa ya kuizuia isioze, ndani ya saa moja tangu itoke mwilini, iwe imechanjwa ili dawa ipenye hadi ndani, na ikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Ikichelewa huanza kuharibika, na vipokezi vya homoni vinaweza kuonekana havipo wakati vipo, mgonjwa akanyimwa vidonge ambavyo vingemsaidia. Mzigo wa namna hiyo haustahili kubebwa na ndugu aliyechanganyikiwa ambaye hata hajui amebeba nini. Tena mgonjwa mwenye shaka ana haki ya kuomba majibu yasomwe upya. Vipande vya nyama huhifadhiwa ndani ya nta na vioo vyake hutunzwa maabara, kwa hiyo daktari mwingine wa patholojia anaweza kuvitazama bila mgonjwa kukatwa tena. Kama ningelijua hilo, shaka ya shemeji ingekuwa na pa kwenda badala ya kugeuka sumu sebuleni.

Ninachokiomba, Mhariri, hakihitaji mashine mpya. Kabla ya upasuaji, mgonjwa na mtu wake waambiwe kwa Kiswahili: haya tuliyo nayo ni majibu ya awali, majibu kamili yatakuja baada ya wiki kadhaa, yanaweza kuwa yale yale, yanaweza kuwa mazito zaidi, yanaweza kuwa mepesi, na yakibadilika tutabadilisha tiba. Sentensi hizo hazimalizi dakika mbili. Kisha majibu yakitoka, simu anayopigiwa mgonjwa iwe ya kumpa siku ya kumwona daktari, wala isiwe ya kumwita dirishani. Ninajua madaktari bingwa ni wachache na foleni ni ndefu, nimeikalia. Lakini dakika 25 alizotumia daktari yule kunichorea siafu zingetumika wiki tatu mapema, zisingegharimu zaidi, na zingeniokolea siku 19. Siku hizo zina uzito, maana wataalamu wanatueleza kwamba dripu zikicheleweshwa zaidi ya miezi mitatu baada ya upasuaji, nafasi ya mgonjwa kuishi hupungua.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa dunia wa saratani ya matiti wenye shabaha tatu: wagonjwa wasiopungua asilimia 60 wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Kila Oktoba ninaona mabango ya utepe wa waridi yakipigania shabaha ile ya kwanza, na ninayaunga mkono kwa moyo wangu wote. Hii ya tatu, ya kumaliza matibabu, sijaona bango lake. Ninaamini wengi tunaowapoteza njiani tunawapotezea pale pale kwenye benchi la korido, wakiwa na bahasha mkononi.

Kwa mwanamke mwenzangu ambaye labda anasoma haya akiwa ameshafungua bahasha yake: usitafute maana ya majibu peke yako usiku kwenye simu, kama nilivyofanya. Nenda na mtu, na mtu huyo awe mwenye kusikiliza, apewe kalamu aandike, kwa sababu wewe mwenyewe utasikia neno la kwanza na mengine yatakupita. Muulize daktari ni kipi kilichobadilika na ni kipi ambacho hakikubadilika. Swali hili la pili mimi sikulijua, na ndilo lililonipa usingizi, kwa kuwa nilitajiwa mengi ambayo hayakubadilika. Una haki pia ya kukasirika, na ya kukaa kimya siku mbili tatu bila kulazimishwa kuwa jasiri. Na ninyi wifi, shemeji na majirani, swali la "si walisema" linauma kuliko mnavyodhani, kwa sababu tumeshajiuliza wenyewe usiku kucha.

Dripu nane nimezimaliza, mionzi nimeimaliza, kidonge ninameza kila siku saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari. Wiki ya mwisho ya mionzi nilikaa foleni moja na mama mmoja kutoka Lindi, mdogo kwangu kwa miaka mingi, aliyekuja kuanza kliniki. Alikuwa na bahasha ya kaki kwenye mkoba, pini zake mbili bado zipo. Aliniambia ameibeba siku nane na hajathubutu kuifungua, na akaniuliza kama ninajua Kiingereza nimsomee. Nilimwambia ninajua, lakini siyo hapa. Jina lake lilipoitwa aliniomba tuingie wote, nikamshikia mkoba, na bahasha ikafunguliwa mezani kwa daktari.

Mwalimu, Morogoro
(Jina limehifadhiwa)